Shomari Kasema Shomari Kakosea

Jumapili, Aprili. Mvua imeanza kabla ya adhana ya alfajiri na haina dalili ya kuchoka. Bati la Bibi linapiga kelele kiasi kwamba hata mawazo yangu siyasikii vizuri. Pengine ni afadhali. Kichwa changu kimekuwa kama redio iliyokwama katikati ya stesheni mbili.

Wiki hii nilishtuka. Kisha nikashtuka tena, safari hii kwa sababu ya nilivyoshtuka mara ya kwanza. Na leo asubuhi, nilipodhani yamekwisha, nimeshtuka upya.

Naandika hapa kwa sababu hapa hakuna anayenitazama usoni. Najua blogu hii ina wasomaji wachache, na mmoja wao ni mimi.

Jana shule yetu ilikuwa na mahafali ya kidato cha sita. Mgeni rasmi alikuwa Dakta Mwanaidi Shomari, mtafiti wa baiolojia ya seli, anayefundisha chuo kikuu huko Dar. Wengine wote walimwita Dakta. Mimi namwita Shangazi, maana ni dada wa baba yangu, na huyu Bibi ninayeishi kwake hapa Dunda ndiye mama yao.

Mahafali ya kwetu yana desturi moja ambayo huwezi kuikwepa. Kabla mgeni rasmi hajasema neno, mwanafunzi mmoja husimama na kusoma wasifu wake: kazaliwa wapi, kasoma wapi, ana vyeo gani, kafanya makubwa gani. Kila sifa inapigiwa makofi, akina mama wanatia vigelegele, na mshereheshaji anaminya kinanda chake kidogo. Wasifu ukiwa mfupi, watu wananong'ona kwamba shule imekosa mgeni wa maana.

Madamu Lyimo, mwalimu wetu wa Baiolojia, alinichagua mimi. Sikuomba. Mimi ni mtu ambaye nikiitwa jina darasani nageuka kwanza kuangalia kama kuna Rukia mwingine.

"Ni shangazi yako," alisema. "Sasa nani asome? Paka?" Halafu akaniinamia kama ananipa siri. "Nataka machapisho yake, Rukia. Nataka namba. Watu wajue Bagamoyo imezaa nini."

Basi nikachukua simu ya zamani ya Baba Mdogo Rajabu, ile yenye kioo kilichopasuka aliyoniachia kwa ajili ya masomo, nikaanza kutafuta.

Kwa asiyejua, kama mimi nilivyokuwa sijui: mtafiti akigundua jambo huliandika katika makala, na makala huchapishwa kwenye jarida. Mtafiti mwingine akiitumia makala hiyo katika kazi yake, lazima aitaje. Huko kutajwa ndiko kunakohesabiwa. Kuna ukurasa mtandaoni unaoonyesha makala zote za mtu, na pembeni ya kila moja, imetajwa mara ngapi. Nimeambiwa wapo watu wazima wenye ndevu wanaoufungua ukurasa huo kila asubuhi kabla ya chai.

Makala nyingi za Shangazi zilikuwa na kumi, ishirini, thelathini. Nyingine zilikuwa na namba ndogo za kutia aibu, nikazipita haraka. Lakini moja, aliyoiandika na wenzake alipokuwa anasomea udaktari wake Ulaya, kuhusu seli za ini, ilikuwa imetajwa zaidi ya mara mia sita.

Mia sita!

Nikamkimbilia Bibi, alikuwa uani anasuka ukili. Lazima nieleze kwamba huko kwenye majarida mtu huitwa kwa jina lake la mwisho, kwa hiyo Shangazi si Mwanaidi. Ni Shomari. Kila mahali wameandika "Shomari na wenzake". Na Shomari ni babu yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, ambaye maisha yake yote alilima mananasi njia ya kwenda Msata.

"Bibi, jina la Babu limetajwa mara zaidi ya mia sita duniani."

Bibi akaacha ukili. "Wanamsema kwa lipi? Mtu kafa zamani, hawamwachi akapumzika?"

"Kwa mema, Bibi. Kwa elimu."

"Shomari?" Akacheka hadi kanga ikamdondoka begani. "Shomari huyu huyu aliyekuwa anatia sahihi kwa dole gumba?"

Baba Mdogo yeye hakucheka. Ana duka la vipuri vya pikipiki na kila jambo hulipima kwa faida yake. "Mia sita, na bado hawajampa uprofesa! Kila Idd namuuliza, dada, wenzio wote maprofesa, wewe unangoja nini? Anacheka tu. Safari hii akija namshika."

Madamu Lyimo alipoiona namba kwenye wasifu nilioandika, aliipigia mstari kwa kalamu nyekundu. "Hii uisome polepole. Halafu nyamaza kidogo, wapige makofi."

Mambo yangeishia hapo kama ningekuwa mtu mwingine. Lakini mimi nikiona mlango wa kitabu siwezi kupita bila kuchungulia. Nilitaka kujua hao watu wote wanasema nini kuhusu shangazi yangu. Kwa hiyo Alhamisi, baada ya vipindi, nikaanza kuzifungua makala zinazomtaja, moja baada ya nyingine.

Kiingereza chake kilikuwa kigumu kama muhogo uliolala siku mbili. Sikujaribu kuelewa kila kitu. Nilitafuta tu jina letu. Na nilipolipata, lilikuwa katika sentensi ileile karibu kila mara: Shomari na wenzake walionyesha kwamba seli za ini huacha kugawanyika zikipewa protini fulani. Nukta. Halafu wanaendelea na yao. Niliona ajabu kidogo kwamba wote wanatumia maneno yaleyale. Nikajiambia labda ndivyo wanasayansi wanavyosalimiana.

Kila nilipoliona jina nilihisi kama watu wa mbali wamempitia babu yangu shambani na kumwamkia.

Kisha nikafungua moja iliyosema tofauti.

Ilisema matokeo ya Shomari na wenzake hayafai kutegemewa, kwa sababu seli walizozitumia hazikuwa seli za ini.

Nikarudia. Nikadhani Kiingereza kimenishinda. Nikatafuta maneno kwenye kamusi, hata yale ninayoyajua.

Hazikuwa seli za ini.

Nataka niandike neno lililonijia kichwani kama lilivyonijia, kwa sababu hapa nimejiwekea nadhiri ya kutodanganya. Neno lilikuwa: mwongo.

Ili uelewe kwa nini iliniuma, nilipokuwa darasa la nne Shangazi aliniletea hadubini ndogo ya mtumba. Akachuna ngozi nyembamba ya kitunguu, akaitia tone la iodini kutoka kwenye kisanduku cha dawa cha Bibi, akaniambia nichungulie. Niliona vyumba, vyumba, vyumba, kama mji mzima unaotazamwa kutoka juu na paa zimeondolewa. Tangu siku hiyo nikiulizwa nataka kuwa nani, jibu langu si kazi. Ni jina lake. Nimechukua Fizikia, Kemia na Baiolojia kwa sababu yake, na Fizikia inanitesa kila wiki kwa sababu yake.

Na sasa nilitakiwa kusimama mbele ya shule nzima, wazazi, na wageni kutoka Miono na Msata, nimsifu kwa jambo lisilo la kweli. Polepole. Halafu ninyamaze, wapige makofi.

Nilifikiria kuumwa. Kweli kabisa, nilifikiria kuumwa.

Shangazi alifika Ijumaa baada ya sala. Niliposikia sauti yake ukumbini nikachukua nazi na mbuzi, nikakimbilia uani. Nilikuwa na nazi moja tu ya kukuna, lakini niliikuna kama nina harusi.

Akanifuata.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unaisalimia nazi?"

Nikanyanyua kichwa. Amevaa gauni lake la ofisini na miwani imemteremka puani. Akanisukuma kwa nyonga, akakaa yeye kwenye mbuzi, akaendelea kukuna nilipoachia. Anakuna vizuri kuliko mimi.

"Nasikia wewe ndiye utakayenisema kesho."

"Ndiyo."

"Utanisema vizuri?"

Nikaanza kulia. Sikupanga. Najua wasichana wa umri wangu wanalia kwa mambo mengine, mimi nimelia kwa ajili ya seli za ini.

"Shangazi, zile seli," nikasema. "Hazikuwa za ini."

Akaacha kukuna. Nilingoja anikaripie. Alichoniuliza ni, "Umeyatoa wapi hayo?"

"Nimesoma."

"Umesoma makala? Wewe mwenyewe?"

"Ndiyo, Shangazi."

Akanitazama kama vile mimi ndiye mgeni na yeye ndiye mwenyeji. "Katika nyumba hii," alisema, "wameniuliza mshahara, wameniuliza mume, wameniuliza uprofesa. Hakuna aliyewahi kusoma." Akapangusa mkono kwenye gauni, gauni zuri lile. "Haya. Na huyo aliyeandika kwamba hazikuwa za ini, kayapata kwa nani?"

Nikaokota kifuu, nikakigeuzageuza.

"Madrasa ulikwenda kusoma au ulikwenda kula tende?"

"Nilisoma."

"Ustadhi hakuwafundisha kuuliza fulani kapokea kwa nani?"

Alitufundisha. Hapo ndipo nilipotamani ardhi inimeze. Alitufundisha kwamba hadithi ya Mtume haipimwi kwa wingi wa wanaoisimulia barazani. Inapimwa kwa mnyororo wa wapokezi: huyu kasikia kwa yule, yule kasikia kwa nani, na kila pete ya mnyororo ni mtu wa namna gani. Zipo zinazojulikana na kila mtu na mnyororo wake ni dhaifu. Katika somo hilo nilipata zawadi ya juzuu na kanga ya kumpelekea mama. Na Alhamisi, nilipokutana na neno zito kuhusu mtu ninayempenda kuliko watu wengi, nililimeza bila kuuliza lilikotoka.

Nikaleta simu. Mwisho wa ile sentensi kulikuwa na namba ndogo sana, iliyokaa juu ya nukta kama chawa. Namba hiyo inakupeleka kwenye orodha ya marejeo, mwisho kabisa wa makala, ambako sikuwa nimefika. Tukafika pamoja, kidole chake kikiwa na vichembe vya nazi.

Lilikuwa jina moja. Shomari. Bila wenzake.

Shomari kasema Shomari kakosea.

Nilikaa chini kwenye beseni la Bibi la kufulia, lililokuwa na maji.

Shangazi akaendelea kukuna huku akinieleza, kwa sauti ileile anayotumia kueleza wali unavyopikwa. Seli zinakuzwa chupani. Unazilisha, zinaongezeka, unazichukua kwa majaribio. Zile zilikuja kwa profesa wake kutoka maabara nyingine, chupa ina maandishi: ini. Hakuna aliyeuliza, kama vile huwezi kumuuliza mgeni aliyeletwa na rafiki yako kama kweli ndiye. Miaka baadaye, amerudi Dar, amepata kamaabara kake kadogo, akataka aanze kwa usafi. Kabla ya jaribio la kwanza akazipima vinasaba.

Chupa imeandikwa ini. Ndani hamna ini.

Seli za aina nyingine, zenye mbio za kukua, ziliingia zamani, kabla hata chupa haijawafikia, zikawamaliza wenyeji wote. "Kama kwekwe kwenye shamba la baba," alisema. "Ukiliacha, utavuna kwekwe, na kibao kitaendelea kusema mananasi."

Alimwandikia profesa wake. Profesa akamjibu kwamba aache, kwani nani kauliza? Akaliomba jarida liifute makala. Wenzake walioiandika pamoja wakakataa. Basi akaandika sahihisho kwa jina lake peke yake, ukurasa mmoja na kipande. Profesa hakumwandikia tena mpaka leo.

"Na hilo sahihisho limetajwa mara ngapi?" nikauliza, ingawa moyo ulishaniambia.

"Wewe si uliona?"

Niliona. Tisa. Ilikuwa mojawapo ya zile namba ndogo za kutia aibu nilizozipita haraka. Nililiacha nje ya wasifu ili nisimwaibishe.

Halafu nikauliza kuhusu uprofesa, na kilichonishtua ni alivyonijibu, kana kwamba ananiambia mchuzi umekosa chumvi. Ukiomba kupandishwa cheo unapeleka machapisho yako na yalivyotajwa. Yeye huiondoa ile makala. Bila ile, hafikii kiwango.

"Kwani wanakukataza kuiweka?"

"Hawaulizi."

"Sasa?"

"Sasa nini? Ninajua kilichomo chupani, Rukia. Nitaiweka vipi?"

Nilimuuliza kesho nisome nini. Akainuka, akanipa bakuli la nazi. "Msomaji ni wewe. Soma ulichosoma. Niletee chujio." Usiku huo nililisoma sahihisho lote, mwanzo hadi mwisho.

Jana, basi. Maturubai yalijaa, uwanja ulikuwa tope, viatu vyangu vyeupe vikawa vya rangi ambayo haina jina. Bibi mstari wa mbele na fimbo yake. Baba Mdogo amevaa kanzu na koti, amekaa kama yeye ndiye mgeni rasmi. Madamu Lyimo amesimama karibu na maikrofoni ili anitie moyo, au anizuie nisikimbie.

Nikasoma. Kazaliwa Dunda, vigelegele. Shule ya msingi hapahapa, vigelegele. Udaktari wa falsafa Ulaya, kinanda. Nikafika kwenye namba. Nikaisema polepole, kama nilivyoagizwa, na nikanyamaza, na wakapiga makofi hadi Madamu akafumba macho kwa raha.

Kilichobaki kwenye karatasi kilikuwa mstari mmoja wa kumkaribisha.

"Makala hiyo ina kosa," nikasema.

Kinanda kikakatika katikati ya noti.

"Seli zile hazikuwa za ini. Aliyeligundua kosa si mshindani wake. Ni yeye mwenyewe. Hakuna aliyemuuliza. Aliandika sahihisho, akaweka jina moja, Shomari. Limetajwa mara tisa tu. Mimi nimelisoma. Hiyo ndiyo kazi yake kubwa."

Sauti yangu ilikuwa ndogo, lakini maikrofoni haijui haya.

Nilisikia turubai likipigwa na upepo. Mkuu wa shule akaitazama ratiba kana kwamba imeandikwa humo afanye nini. Nyuma, kwenye viti vya kidato cha sita, mvulana mmoja akasema kwa sauti, "Duh! Kamchana shangazi yake!" na wenzake wakaangua kicheko.

Nikajua nimeharibu. Nikajua kwa mwili mzima.

Halafu Bibi akasimama. Bibi ambaye hakuelewa ini wala chupa, ila alisikia jina la mumewe likitajwa kwenye spika. Akajiegemeza kwenye fimbo, akapiga kigelegele peke yake, kirefu, cha kizamani, kile chenye mkunjo katikati. Mama mmoja wa Miono akakidaka. Kisha wengine. Kisha turubai zima. Sijui wangapi walielewa walichokuwa wanakishangilia. Shangazi alikuwa amevua miwani anaifuta, na hakuwa na haraka ya kuivaa.

Hotuba yake sikuisikia. Masikio yangu yalikuwa yanavuma. Naandika ukweli tu.

Baadaye Madamu alinishika mkono nyuma ya turubai. "Rukia, ungeniambia."

"Ningekuambia ungekataa, madamu." Siamini kwamba mdomo ule ulikuwa wangu.

"Ningekataa," akasema, akaenda kuwapangia wageni chakula.

Nyumbani, kwenye sinia la pilau, Baba Mdogo hakuwa na raha. Alikuwa amekuja kumshika dada yake, na sasa hajui amshike wapi.

"Hebu nieleweshe. Chupa ilikuja imeandikwa ini."

"Ee," Shangazi akajibu.

"Ndani si ini."

"Si ini."

"Boksi orijino, mali feki."

"Hivyo hivyo."

"Na hukuijaza wewe."

"Sikuijaza mimi."

"Sasa si ungenyamaza! Mimi nikiuziwa feki, naimaliza kwanza kuiuza, ndio nalalamika."

"Ndiyo maana pikipiki za watu zinalala Msata," Bibi akasema, na hata yeye mwenyewe Baba Mdogo akacheka, wali ukamkwama.

Kicheko kilipoisha akabaki ameshika tonge bila kulila. "Kwa hiyo uprofesa umeuzuia wewe mwenyewe."

"Nimeuchelewesha. Utakuja kwa makala nyingine, au hautakuja."

"Idd ijayo sikuulizi."

"Uliza tu, nimezoea."

"Nimesema sikuulizi," akasema, kwa hasira, kama vile ndiye aliyekosewa.

Leo asubuhi Shangazi ameondoka na mvua. Baada ya kumsindikiza nilifungua ule ukurasa. Sikuwa natafuta kitu. Nilitaka tu kuliangalia sahihisho na ile tisa yake, kama mtu anavyokwenda kuangalia mche alioupanda jana.

Sahihisho lilikuwa palepale.

Ile makala ya ini imeongezeka moja.

Nilikaa nikiitazama ile moja. Makala mpya, ya mwezi huu. Sahihisho lina miaka mingi, liko wazi, halina kufuli, mtoto wa shule mwenye simu iliyopasuka amelipata. Na bado. Nikaifungua, nikatafuta jina letu, na nikalikuta ndani ya sentensi ileile. Maneno yaleyale niliyodhani ni salamu za wanasayansi. Nikafungua tena zile za Alhamisi, nikaziweka pamoja, na nikashtuka upya: hawakupokea kwa Shomari. Huyu kanakili kwa yule, yule kwa mwenzake, na pengine tangu mwanzo ni wachache mno waliofungua makala yenyewe.

Mia sita wanasimulia. Mnyororo haupo.

Ijumaa Shangazi aliniambia zamani alikuwa anawaandikia, kila mmoja. Wachache walimjibu, wengi hawakumjibu, na mwisho akachoka. Sikumlaumu. Lakini mimi sijachoka bado, sijaanza hata.

Aliyeandika makala hii mpya ni mwanafunzi, na anwani ya barua pepe yake ipo pale juu. Mimi ninayemtuma mtoto wa jirani dukani ili nisiongee na muuza duka, nimefungua ukurasa mtupu nimwandikie mtu wa nchi ambayo sijui hata sasa hivi kwao ni mchana au usiku.

Nimeanza kwa shikamoo. Nimeifuta, Kiingereza hakina mahali pa kuiweka. Nimejaribu kuuliza hali ya mvua huko, nimefuta. Mwishowe nimejitambulisha tu: mwanafunzi wa kidato cha tano, mjukuu wa Shomari. Nimemwambia kuna sahihisho, nimemwonyesha lilipo, na nimemwomba alisome lote kabla hajamtaja tena babu yangu.

Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe cha kutuma.

Na wewe, Rukia, nikajiuliza, yake umeisoma?

Nilikuwa nimesoma mstari mmoja. Ule wenye jina letu.

Kwa hiyo sijatuma. Bibi amejinyoosha kwenye mkeka, mvua bado inapiga bati, simu ina chaji ya kutosha. Nimerudi juu kabisa, kwenye kichwa cha makala yake, na kamusi ipo pajani. Naanza neno la kwanza.